Kona ya Mapigo

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Chai ya ofisini ilikuwa vuguvugu, mkutano ulikuwa wa moto.

Mpwa wangu ndiye mkuu wa idara yetu ya kuchora chipu. Nyumbani namwita binti, ofisini nalazimika kumwita Mkuu, na ulimi unagoma. Leo ametangaza kwamba chipu ya saa janja mpya itachorwa yote na programu. Yote! Vijana wameibatiza programu hiyo Bingwa. Mpaka jana kulikuwa na kona moja tu iliyobaki kuchorwa na mkono wa binadamu. Kona ya mapigo, ile inayoiambia saa kwamba sekunde hii imekwisha, ianze nyingine. Binadamu mwenyewe ni mimi.

Chipu nzima haizidi punje ya mchele. Kona yangu humo ndani huwezi kuiona kwa macho. Lakini ni yangu.

Nimepinga. Nimesimama kabisa. Nimesema saa isiyo na mapigo ni bangili tu. Vijana wamecheka, na nimemwona Mkuu akijiuma mdomo. Mwishowe tumekubaliana: mimi nachora kona yangu, Bingwa anachora yake, Jumanne ijayo jopo linachagua moja. Nikishinda, kona inabaki mikononi mwangu. Nikishindwa, nahamia chumba cha mafunzo, chini kabisa ya jengo, jirani na stoo ya viti vibovu, nikawafundishe wageni kuwasha kompyuta.

Nimerudi mezani nikajikuta nawaza zamani. Jengo lile la kwanza, na ukumbi wake wa mbao! Mchoro ukimalizika tuliuchapa kwenye karatasi kubwa, kila tabaka na rangi yake, nyekundu, bluu, kijani, zambarau. Tukautandaza sakafuni. Tukavua viatu, tukatambaa juu yake kutafuta makosa. Mwenzetu Mrefu soksi zake zilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia, na kidole hicho ndicho alichoonyeshea makosa. Bi Rula, msimamizi wetu, alikuwa hataki mtu aongee. Wakati wa likizo za shule, Dada yangu mkubwa alikosa mtu wa kumwachia binti yake, akamleta kwangu. Mtoto akalalia tumbo juu ya karatasi na penseli yake. Kila kosa analoliona, biskuti moja. Alitumalizia kopo zima.

Sasa ndiye Mkuu. Hali tena biskuti. Anasema ni sukari tupu.

Jumanne, 7 Mei

Nimechora kutwa. Mkono haujasahau. Raha iliyoje!

Katikati ya kona kuna transista mbili pacha, vile viswichi vidogo vya umeme. Hizo ndizo roho ya kazi. Lazima zifanane kwa kila kitu: ukubwa, mwelekeo, majirani, hata kinachopita juu ya vichwa vyao. Mmoja akipendelewa, mwenzake ananuna, na saa inaanza kudanganya. Hayo nimewafundisha watu tangu Bingwa hajaandikwa.

Bingwa naye hana adabu. Mbali na kuchora, amepewa kazi ya kukagua michoro ya kila mtu. Leo amenimwagia alama nyekundu utitiri, eti hapa pamebana, eti pale pamepinda. Moja ameibandika katikati ya pacha wangu! Karibu nirushe kikombe.

Lakini kuna kitufe kimeandikwa "Imekubaliwa". Ukikibonyeza, alama inafutika na Bingwa ananyamaza. Nimebonyeza zote. Amani imerudi, na mchoro umependeza sana bila zile chunusi.

Jumatano, 8 Mei

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki.

Jopo litatazama michoro kwenye skrini. Kwenye skrini mchoro wangu na wa Bingwa yote inaonekana kama siafu tu. Nitawahi mimi. Kabla hawajaingia chumba cha mikutano, watakuta kona yangu imetandazwa sakafuni, ukuta hadi ukuta. Watavua viatu, watake wasitake. Mtu aliyevua viatu mbele ya kazi yako hawezi tena kuidharau. Mkuu atapiga magoti kama zamani, atakumbuka ukumbi, atakumbuka Bi Rula, machozi yatamlengalenga. Nimeshinda!

Vikwazo viwili. Mashine yetu kubwa ya kuchapia iliuzwa kwa wauza vyuma tulipohamia jengo hili. Siku hiyo niliisindikiza mpaka getini, watu wakidhani ninasimamia upakiaji. Kikwazo cha pili ni sheria: mchoro hautoki nje ya jengo. Nimeitafakari sheria hii. Imewekwa kwa ajili ya wezi. Mimi ni mwajiriwa.

Nimeuhamishia kwenye flashi. Getini mlinzi ameniuliza habari za nyumbani, nikamjibu kwamba sijabeba kitu.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno nikaenda kwa fundi wa mabango.

Duka lake linanuka wino. Mabango ya harusi upande huu, ya sabuni upande ule. Amefungua flashi, ameutazama mchoro, amejikuna. Akauliza hiki kitu gani hasa. Hapo ndipo akili inapohitajika. Nimekausha uso, nimemsogelea, nimemwambia ni nakshi za mapazia.

Nimejisifu njia nzima kwa jibu hilo.

Fundi amefurahi kupita kiasi. Amesema amechoka kuchapa sura za maharusi, kwa muda mrefu ametamani kazi yenye rangi kama hii. Akauliza madirisha mangapi. Ili uongo ukae vizuri nimemwambia madirisha yote ya sebule ya Dada yangu, na nikampa anwani ya Dada kabisa, maana kuingia ofisini na furushi lile la mchoro mapema ni hatari. Nitalichukua Jumapili nikienda kula. Akauliza kama nataka ile ya kuzuia jua. Nimesema ndiyo, hiyo hiyo. Mjanja haulizi maswali mengi.

Ijumaa, 10 Mei

Dada amenipigia simu ofisini, analia. Amenishukuru. Amesema tangu Baba afariki hakuna ndugu aliyemkumbuka kwa kitu cha maana kama hiki. Nadhani ni lile bomba la jikoni nililomtengenezea. Nimemwambia si kitu, ndugu ni ndugu. Amesema cherehani haijapumzika tangu asubuhi. Nimemwambia asijichoshe. Dada ana moyo mwepesi sana.

Mkuu amepita mezani kwangu. Ameuliza mchoro unaendeleaje. Nimesema subiri uone. Ameuliza Bingwa ananionya kuhusu chochote? Nimesema siku hizi tunaelewana vizuri. Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Jumapili, 12 Mei

Balaa!

Nimefika kwa Dada wakati wa chakula cha mchana. Kabla sijabisha hodi nimeinua macho. Kona yangu ya mapigo! Yote, tabaka juu ya tabaka, imening'inia madirishani, imeelekea barabarani, tena kichwa chini miguu juu. Wapita njia wanaikodolea. Mama mmoja alisimama kabisa akamwonyesha mwenzake.

Fundi amechapa kwenye kitambaa. Kitambaa cha kuzuia jua. Ndivyo nilivyomwambia mwenyewe.

Dada amenikumbatia mlangoni mpaka mbavu zikalia. Amesema maua ya namna hii hajawahi kuyaona. Kilichobaki amemshonea jirani foronya za mito ya sebuleni. Nikashika kiti. Nikamwuliza kama binti yake anakuja leo. Akasema yuko njiani.

Nikaingia kazini. Nimeyasukuma mapazia pembeni, nikayafunga mafundo. Dada akayafungua, akasema nayatia makunyanzi. Nikasema nina joto, tuache madirisha wazi. Akawasha feni. Feni ikayapeperusha, mapazia yakajaa sebule nzima.

Mpwa wangu akaingia akiinamia simu. Nikamwahi, nikamkalisha kwenye kiti kinachotazama ukuta. Tukala. Niliongea bila kumeza mate: mvua, viatu, meno yangu na yule daktari ambaye sikumwona. Hakugeuka hata mara moja. Nikaanza kupumua. Ndipo jirani akaja kushukuru, kaukumbatia mto wake mpya kifuani.

Mpwa wangu akautazama mto. Akautazama tena. Kisha akageuka taratibu kuelekea dirishani, na kijiko kikabaki hewani.

Alingoja jirani aondoke. Akamwomba mama yake atuchemshie chai. Akafunga mlango wa jikoni.

"Mjomba, ile ni nini?"

Nikasema ni mapazia.

"Mjomba."

Basi nikasema yote. Flashi, fundi, chumba cha mikutano, viatu, magoti. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema kwa sauti ya chini kwamba saa yenyewe haijatoka, na yeyote aliyepiga picha dirisha lile ana kazi yetu mfukoni. Amesema makao makuu wakisikia, hawataanza kuuliza habari zangu. Watauliza nyumba ni ya nani.

"Ni nyumba ya mama yangu. Wataniondoa mimi kwanza, ndipo wewe ufuate."

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Katika mipango yangu yote yeye alikuwa amepiga magoti na anatabasamu.

Tumeyashusha mapazia pamoja. Tukayatandaza sakafuni ili tuyakunje. Hapo akasita. Akavua viatu. Akapiga magoti pembeni ya pazia, kisha akalalia tumbo kabisa, na nguo zake nzuri za Jumapili, kidole kinafuata waya mmoja, kinauacha, kinafuata mwingine. Sikusogea. Kwa kitambo hicho hapakuwa na kesi wala Bingwa. Ulikuwa ukumbi wetu, mbao zinanukia nta, Mrefu yupo, Bi Rula yupo anatukataza kuongea. Bi Rula tulimzika mwaka juzi. Mrefu kahamia mbali, hapokei simu. Nimewakumbuka mno watu wale.

"Huyu pacha ana waya juu ya kichwa," mpwa wangu akasema. "Mwenzake hana."

Nikainama. Kweli. Waya wa bluu, niliupitisha hapo mwenyewe kwa sababu ulinyooka vizuri. Saa ingekuwa sawa mezani. Ukiivaa, mkono ukipata joto, pacha mmoja angeyumba na saa ingeanza kuchelewa. Kila saa, kila mkono.

"Bingwa hakukuonya?"

Nikasema alikuwa na kelele nyingi.

Hakuinuka. Aliegemeza shavu kwenye kiganja, kama alivyokuwa akifanya zamani. "Kazi hii nimeijua nikiwa nimelala hivi hivi juu ya michoro yako," akasema. "Usinifanye niwe mimi wa kukutoa."

Amenipa siku ya kesho. Nirekebishe waya, nirudishe kitambaa chote, hata kipande kisibaki nje, na tusilizungumze tena. Dada akatoka jikoni na chai, akatukuta sakafuni na madirisha yako uchi. Ameuliza mapazia yake yamekosa nini.

Jumatatu, 13 Mei

Kiguu na njia tangu asubuhi.

Jirani amekataa kurudisha foronya. Amesema za zamani ameshazitupa, na wageni wake wote wamezisifia. Nimembembeleza. Nimemwambia rangi inachuja. Akazilowesha mbele yangu, hazikuchuja. Fundi yule anajua kazi! Mwisho nimempa mapazia yangu ya chumbani ashonee foronya nyingine. Dada naye hakukubali kubaki na madirisha matupu, amechukua ya sebuleni kwangu. Sasa jua linaingia nyumbani kwangu bila hodi.

Nimemkabidhi Mkuu gunia zima nyuma ya maegesho. Amevipanga vipande, akasema kimoja hakipo. Nikarudi kwa Dada mbio. Alikuwa amekifunga kichwani. Hakukivua mpaka nilipoapa kumletea kilemba kingine.

Nimefika mezani kwangu jua limeshapinda. Nimeuondoa waya wa bluu. Ili uondoke ilibidi mwekundu usogee. Mwekundu uliposogea, wa kijani ukakosa mahali. Kila niliyemhamisha alimsukuma mwenzake, na kona ikaanza kufura. Nilifikiria kumwomba Bingwa ushauri. Nilifikiria kidogo tu.

Jumanne, 14 Mei

Jopo limekaa. Skrini. Watu na viatu vyao miguuni.

Kona yangu: pacha safi, wote sawa, hakuna waya juu ya kichwa cha mtu. Kona ya Bingwa: pacha safi, wote sawa, na ni ndogo kuliko yangu. Si kwa mengi. Lakini chipu ya saa inagombea nafasi kama abiria wa mwisho, na hakuna anayelipia nafasi ya bure kwa sababu ya kumbukumbu zangu.

Mkono mmoja mmoja ukainuka kwa Bingwa. Mpwa wangu aliinua wa mwisho. Aliinua akinitazama usoni, hakukwepa. Iliniuma. Nilitafuta hasira ya kutosha nimchukie hata mpaka jioni, sikuipata. Alikuwa ameona kweli kuhusu wale pacha, na mimi sikuona.

Baada ya hapo alikuja mwenyewe kunisaidia kubeba vitu vyangu. Tumeshuka ngazi yeye mbele na boksi, mimi nyuma na taa ya mezani. Vijana wote wametutazama.

"Pole, Mjomba," akasema, kwa sauti ya kusikika.

Hajawahi kuniita hivyo ndani ya jengo hilo tangu awe Mkuu. Nimemwambia amekuwa mkaguzi hodari. Amesema alipata mwalimu mzuri, tatizo mwalimu mwenyewe hasikii. Tumecheka wote wawili, mimi nikajifanya napiga chafya.

Kabla hajapanda ngazi kurudi juu amerudia jambo moja. Wageni kutoka makao makuu watakuja wiki ijayo kumtazama yeye na idara yake. Ameniomba, kama mpwa na kama Mkuu, mchoro usitoke tena nje ya jengo. Hilo tu. Nimeapa.

Jumatatu, 20 Mei

Chumba cha mafunzo si kibaya. Viti vibovu vinne nimevitengeneza.

Wanafunzi wangu wamefika asubuhi. Vijana wazuri, macho makali, lakini waya hawajawahi kuuona ukiwa mkubwa kuliko unywele. Wanadhani pacha ni jina la menyu kwenye programu. Nimewaacha kompyuta zao zimezimwa. Nimewasimulia ukumbi wa mbao, Mrefu na kidole chake, Bi Rula na ukimya wake. Walisikiliza! Hakuna aliyegusa simu. Binti mmoja ameuliza kama bado inawezekana kuona mchoro mzima namna ile, mkubwa, mtu ukatembea juu yake.

Nimekaa nao nikalitafakari swali lake. Kiapo changu nimekishika sawasawa. Hakuna hata uzi uliotoka nje ya jengo hili. Hautatoka.

Ni mashine ya kuchapia ndiyo inayoingia. Nimempigia simu fundi wa mabango, ameileta mwenyewe na wapagazi wake, moyo mweupe, hakuuliza mara mbili. Kwa sasa imekwama pale ngazi zinapopinda, haipandi wala haishuki. Wale wageni wa makao makuu wako upande wa juu wanangoja kupita, mmoja ameshikilia mkoba wake kifuani. Nimewaomba wavumilie. Nimewaeleza kwamba safari hii hatuchapi kona peke yake, tunachapa chipu nzima, na kwa hesabu zangu itajaa maegesho yote ya magari na kubaki. Maegesho ni ndani ya ukuta wetu, nimehakikisha.

Nasikia sauti ya mpwa wangu huko juu, anauliza nani ameagiza. Anashuka mbio. Nadhani atafurahi sana.